Kolamu ipi kwa molekuli kubwa? Protini ya korosho na jeli ya mwani mezani

Swali hili hunifikia kinyumenyume. Mwanafunzi wa uzamili ana korosho zake kutoka Newala, au mwani mkavu kutoka Songosongo, ana hela ya utafiti mkononi, ananipigia simu: "Kaka, nichukue Superdex au TSKgel?" Namuuliza: unapitisha nini humo, na pampu uliyo nayo ni ipi? Hapo simu inakuwa kimya. Ni kama mtu aliyefika dukani kutafuta kiatu huku miguu kaiacha nyumbani.

Nawaandikia waliokwama hapo. Nalinganisha aina nne za kolamu za kutenga molekuli kwa ukubwa, yaani mabomba yaliyojazwa chembe. Majina ya kibiashara nimeyataja kwa kuwa ndiyo mnayokutana nayo kwenye katalogi, ila kila aina ina watengenezaji zaidi ya mmoja.

Kwanza kanuni. Fikiria soko kuu la Mtwara asubuhi. Mpagazi mwenye gunia la korosho kichwani hawezi kuingia kibanda chochote; anafuata njia kuu, anatokea upande wa pili. Mtoto aliyetumwa chumvi anaingia kila kibanda, anazubaa, anatoka, anaingia kingine. Wakiingia sokoni pamoja, gunia hutangulia na mtoto hutoka mwisho. Ndani ya kolamu, vibanda ni vitundu vya chembe zilizopangwa humo. Molekuli inayozidi vitundu vyote hutoka ya kwanza, ndogo kabisa hutoka mwisho, na utengano wote hutokea kati ya nukta hizo mbili. Hakuna kushikwa wala kuachiwa. Chumvi ni kati ya hizo ndogo kabisa: kitu kikitoka baada yake, kimenata njiani, na ukubwa utakaousoma hapo ni uongo.

Wa kwanza kutumia njia hii, Lathe na Ruthven mjini London katika miaka ya 1950, walijaza kolamu zao wanga uliovimba kwa maji. Mwaka 1959 Porath na Flodin wa Uppsala, Sweden, wakaja na jeli ya dekstrani, aina ya sukari ndefu, na Sephadex ikaingia sokoni. Mwenye shamba la muhogo anaruhusiwa kutabasamu.

VIGEZO KABLA YA MAJINA

Ukubwa, na umbo pamoja nao. Hapa ndipo wengi huteleza. Protini za korosho zina makundi matatu makubwa: legumini, yenye vipande sita vilivyoshikana na uzito unaozidi kilodaltoni 300 (kipimo cha uzito wa molekuli), visilini, yenye vipande vitatu, kilodaltoni 150 hivi, na albumini ndogo ya 2S, kilodaltoni 14 hivi. Zote tatu zinajulikana kwa kuleta mzio, ndiyo maana wanunuzi wa nje wanazifuatilia. Protini hizi zimejikunja kama donge la ugali. Karajinani, sukari ndefu inayotengeneza jeli ya mwani, ni uzi mrefu unaoelea. Uzito wake wa kawaida ni kilodaltoni mia kadhaa, lakini nafasi inayochukua majini ni kubwa kuliko ya protini ya uzito uleule. Kingamwili ya kilodaltoni 150 ina nusu kipenyo cha nanomita 5 na ushei. Dekstrani ya kilodaltoni 150 ina kama 8.5. Kwa hiyo katalogi ikisema "kilodaltoni 10 hadi 600", uliza: za protini au za dekstrani? Ni namba mbili tofauti kwa kolamu ileile. Ukishajua, chagua kolamu ambayo molekuli yako itaangukia katikati ya eneo lake, maana pembezoni vilele, zile alama za molekuli kwenye chati, hubanana.

Bafa, yaani maji yenye pH isiyoyumba, inayodaiwa na sampuli. Globulini za korosho, yaani legumini na visilini, hupenda chumvi. Ukizipunguzia, huganda mlangoni mwa kolamu. Karajinani imejaa salfeti zenye chaji hasi: bila chumvi, nyuzi zinasukumana, zinatanuka na kutoka mapema kuliko zinavyostahili.

Mashine. Pampu yako inahimili presha gani, detekta inaona nini? Protini huonekana kwa mwanga wa nanomita 280. Karajinani haionekani hapo. Inahitaji detekta ya kipimo cha mpindo wa mwanga.

Unataka namba, au unataka mali yenyewe? Anayetaka namba anapitisha maikrolita 20 na kumwaga kinachotoka. Anayetaka protini safi ya kuendelea nayo anahitaji kolamu pana na uvumilivu.

Mwisho ni mazingira, na sisi wa kusini tunayajua: umeme unaokatika, joto la mchana, na kilomita 560 hivi za kupeleka sampuli Dar es Salaam ndani ya boksi la barafu. Bei nimeiweka nje ya orodha makusudi. Kolamu ya bei ndogo iliyokufa mwezi wa pili ndiyo ya bei kubwa kuliko zote.

1. SILIKA KWA MASHINE YA PRESHA KUBWA

Hizi ni chembe za silika zilizofunikwa kwa tabaka linalopenda maji. Mfano unaojulikana sana ni TSKgel G3000SWXL: chembe za maikromita 5, vitundu vya angstromu 250 (angstromu kumi ni nanomita moja), bomba la milimita 7.8 kwa 300.

Inatenga nini. Hiyo ya angstromu 250 inafaa protini za kilodaltoni 10 hadi 500, yaani familia nzima ya korosho ndani ya pito moja. Ya angstromu 125 inafaa zilizo ndogo zaidi, na ya 450 kubwa zaidi. Chembe zikiwa ndogo vilele vinakuwa vyembamba, na pito linaisha ndani ya nusu saa au chini yake. Kwa kuona kama protini imejishikanisha mbili mbili au kufanya mafungu, hii ni silaha kali.

Inavumilia nini. Hapa pana mtego, na mimi nimeuingia mzima mzima. Protini za korosho mara nyingi hutolewa kwa bafa ya boreti yenye chumvi, pH 8.45. Kwa kuwa ilikuwa imetengenezwa tayari, lita mbili nzima, nikaona kwa nini niandae nyingine. Nikaipitisha hiyohiyo kwenye kolamu wiki nzima. Kolamu nyingi za silika mwisho wake ni pH 7.5. Silika huyeyuka taratibu kwenye bafa ya alkali, bila kelele. Siku ya sita vilele vilianza kuota mikia, siku ya tisa kila kilele kikawa viwili, na juu ya kolamu kukawa na shimo. Kuingiza maikrolita 20 za sampuli yenye pH 8.45 si tatizo. Bafa inayotiririka ndiyo iwe ya fosfeti, pH 6.8 hadi 7, na chumvi ya molari 0.15 hadi 0.2. Hiyo chumvi inazuia pia protini zenye chaji chanya zisinate kwenye silika iliyobaki wazi.

Inadai nini. Mashine kamili ya HPLC, yaani hiyo ya presha kubwa, bafa iliyochujwa kwa kichujio cha maikromita 0.2 au 0.45, na kolamu kinga, ile fupi ya kunasa uchafu, mbele yake. Korosho karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Usipoyatoa kwa heksani kabla ya kuchukua protini, kolamu kinga ndiyo itakayokula mafuta hayo. Zipo pia silika za chembe chini ya maikromita 2 kwa mashine za presha kubwa zaidi. Zina kasi ya ajabu, lakini mashine ya kawaida ina mabomba marefu mno kwa kolamu ndogo hiyo: kilele chembamba kinatoka kwenye kolamu na kutanuka kabla hakijafika kwenye detekta. Usinunue injini ya ndege ukaifunga kwenye bajaji.

Inamfaa nani. Mwenye sampuli nyingi ndogo, mashine ya HPLC inayofanya kazi, na anayetaka namba. Maabara za ubora na dawa huishi na kolamu hizi.

2. AGAROSI ILIYOUNGANISHWA

Chembe laini za agarosi, aina ya jeli, mara nyingine zikiwa na dekstrani ndani yake. Superdex na Superose ndizo watu wanazozitaja.

Inatenga nini. Superdex 200 Increase inafanya kazi kati ya kilodaltoni 10 na 600 kwa protini. Superdex 75 kati ya 3 na 70. Superose 6 kuanzia 5 hadi 5,000, kwa ajili ya mafungu makubwa. Kwa korosho, ya kwanza inaonyesha legumini na visilini vizuri, na albumini ya 2S inaangukia karibu na ukingo wa chini. Kama albumini ndiyo shida yako, chukua 75, ukijua kwamba zile kubwa mbili zitatoka pamoja mwanzoni bila kutengana. Hakuna kolamu moja inayoona ncha zote mbili kwa ukali uleule.

Inavumilia nini. Karibu kila bafa inayompendeza protini: pH 3 hadi 12 kwa hizi za kizazi kipya. Ile boreti yangu ya pH 8.45 ingepita humu bila neno. Ikichafuka, inaoshwa kwa hidroksidi ya sodiamu ya molari 0.5, kitu ambacho kwa silika ni mauaji.

Haivumilii kubanwa. Chembe ni laini, presha yake ni megapaskali (MPa) chache tu. Wakati wa hatari zaidi ni ule watu wanapopumua: kazi imeisha, wanaingiza ethanoli ya asilimia 20 ili kuhifadhi kolamu, wakiacha kasi ileile ya bafa. Ethanoli hiyo ina mnato kuliko bafa, presha inapanda, na kitanda, yaani jeli iliyojazwa humo, kinakandamizwa. Punguza kasi hadi nusu. Vivyo hivyo ukifanyia kazi kwenye chumba baridi: mnato wa maji ya nyuzi 4 ni karibu mara 1.8 ya ule wa maji ya nyuzi 25. Kuganda kwa barafu kunaiua kabisa, kwa hiyo isikae jirani na friza.

Inadai nini. Mfumo wa presha ndogo wa kutengenezea protini, au HPLC iliyowekewa kikomo cha presha. Kitanda cha mililita 24 kinachukua sampuli hadi maikrolita 500, na pito ni kama dakika 35 hadi saa nzima. Ujazo wa sampuli ndio unaobana kuliko uzito wake: ukitaka vilele vilivyoachana, usizidishe asilimia 2 ya kitanda, ukiweza baki kwenye 1.

Inamfaa nani. Anayetaka protini yenyewe mkononi, ikiwa hai, kwa ajili ya vipimo vya mzio au kwa utafiti unaofuata. Mtaalamu wa mbegu anayelinganisha aina za mikorosho, kazi ambayo watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, wameifanya hapa Mtwara kwa miaka mingi upande wa shamba, akitaka kushuka hadi kwenye protini ataelewana na kolamu hii. Akiwa na sampuli mia mbili za kupima kwa juma, hapana. Arudi kwenye silika.

3. POLIMA YENYE VITUNDU MCHANGANYIKO

Hizi ni chembe za polima ngumu kiasi, maikromita 10 hadi 13, nyingine zikiwa na vitundu vya ukubwa tofauti ndani ya bomba moja. Familia za TSKgel PWXL na OHpak ziko humu.

Inatenga nini. Eneo pana mno, kutoka maelfu ya daltoni hadi mamilioni, na linatosha mwani. Mwani wa wakulima wa Msimbati au Kilwa hautoi molekuli moja; unatoa ukoo mzima, kaka, dada na mababu. Hutafuti vilele vilivyoachana, unatafuta mlima mmoja mpana, na wewe unauliza katikati yake iko wapi na miteremko ina upana gani. Kwa protini za korosho ni ovyo: visilini na legumini zitakutokea kama kilima kimoja.

Inavumilia nini. pH pana, nyingine hadi 12 na nyingine hadi 10. Soma karatasi ya kolamu yako. Kubwa zaidi ni joto. Karajinani ya kapa, ile ya mwani wa kotoni, huganda ikipoa, hasa ikikutana na potasiamu. Ukipitisha kwa joto la chumba na bafa ya fosfeti ya potasiamu kutoka rafu ya jirani, umetengeneza jeli ndani ya kolamu, na kuitoa si mchezo. Tumia chumvi ya sodiamu au lithiamu, molari 0.1, na ovena ya kolamu kwenye nyuzi 50 hadi 60. Mwani wa spinosumu hutoa karajinani ya iota, ambayo jeli yake ni laini na humwitikia zaidi kalsiamu, kwa hiyo maji ya bomba yasikaribie hapo.

Inadai nini. Detekta ya mpindo wa mwanga, ambayo ina hulka ya bibi mwenye heshima zake: haipendi kuharakishwa. Inahitaji saa kadhaa kutulia, na umeme ukikatika dakika tano unaanza upya. Bila betri ya akiba na kidhibiti umeme, siku nzima ya kazi inaweza kwenda na mstari wa chini unaopanda na kushuka kama wimbi la Mikindani. Andaa sampuli nyepesi, miligramu 1 kwa mililita au pungufu, kwa kasi ya mililita 0.5 kwa dakika; nyuzi ndefu zikisukumwa kwa nguvu zinaweza kukatika, nawe ukapima vipande.

Kuna jambo la namba pia. Ukipima kwa vigezo vya pulani, sukari ndefu ya uzito unaojulikana, uzito utakaoupata ni wa kulinganisha, "sawa na pulani ya kiasi hiki", wala si uzito halisi wa karajinani. Andika hivyo kwenye ripoti. Detekta ya mtawanyiko wa mwanga inatoa uzito halisi, kwa wenye bahati ya kuwa nayo.

Inamfaa nani. Watu wa mwani, wa utomvu wa mkorosho, na wa sukari ndefu kwa jumla. Kwa wanga wa muhogo nenda kwa tahadhari, maana amilopektini yake inazidi uwezo wa kolamu nyingi.

4. JELI YA KUJAZA MWENYEWE

Bomba la kioo, jeli ya Sephadex au Sephacryl, stendi, na mvutano wa dunia.

Inatenga nini. Sephadex G-100 huenda kilodaltoni 4 hadi 150, G-200 kilodaltoni 5 hadi 600, Sephacryl S-300 kilodaltoni 10 hadi 1,500, zote kwa protini. Ukali ni mdogo: legumini na visilini zitaegemeana, lakini albumini ya 2S itajitenga bila shida. Na kwa kuondoa chumvi kwenye protini, G-25 haina mpinzani. Hapo unaweza kuweka sampuli hadi asilimia 30 ya kitanda.

Inavumilia nini. Bafa nyingi. Haivumilii haraka. G-200 ni laini kama uji. Ukiinua chupa ya bafa juu mno, kitanda kinajifunga na matone yanakoma. Vijidudu navyo vinaipenda dekstrani, hivyo weka azidi ya sodiamu ya asilimia 0.02, ukikumbuka ni sumu na haimwagwi kwenye bomba la shaba au risasi.

Inadai nini. Muda. G-200 huvimba kwa siku tatu kwa joto la chumba, au saa tano kwenye maji ya nyuzi 90. Pito moja linaweza kumaliza usiku. Unakusanya mililita mbilimbili kwenye mirija, unasoma kila mmoja kwa spektrofotomita, unachora mwenyewe. Umeme ukikatika saa nane usiku, kolamu haijui.

Inamfaa nani. Maabara ya chuo au sekondari yenye spektrofotomita na bajeti ya kawaida, anayejifunza, na anayehitaji kuondoa chumvi tu. Binafsi naona kila mwanafunzi angeanza hapa. Ukishaijaza kolamu kwa mkono wako ikatoka na nyufa mara mbili, utaiheshimu ile iliyojazwa kiwandani.

KWA HALI YAKO

Una korosho, HPLC ipo, unataka kujua kuchoma kumeziunganisha protini au la: silika ya angstromu 250, fosfeti pH 6.8, pamoja na kolamu kinga. Uwe na vigezo vya kupimia, kuanzia thairoglobulini ya kilodaltoni 670 hivi hadi mayoglobini ya 17, na upitishe tena kila wiki. Vikihama, kolamu inakuaga.

Una korosho na unataka legumini safi ya kupeleka kwenye vipimo vya mzio: agarosi, aina ya Superdex 200. Kama sampuli ni mililita nyingi, tangulia na hatua nyingine ya kuipunguza, usiirundike yote.

Una mwani, na mashine yako ina detekta ya mwanga wa nanomita 280 pekee: usinunue kolamu yoyote kwanza. Tafuta maabara yenye detekta ya mpindo wa mwanga na ovena, uliza ina kolamu gani tayari, kausha sampuli zako vizuri ndipo uzisafirishe. Unga mkavu wa karajinani huvumilia basi la usiku kuliko protini iliyoyeyushwa.

Una vyote viwili, korosho na mwani, na hela ya kolamu moja: amua ni kipi kitaandikwa kwenye tasnifu. Nimeona mtu akitafuta kolamu ya katikati, akaipata, ikamwonyesha kilima cha korosho na kilima cha mwani, vyote butu.

Umeme wako hautabiriki, au hujawahi kuendesha kolamu hata moja: jeli ya kujaza mwenyewe, bomba la sentimita 60, G-100, na dekstrani ya buluu ya kukuonyesha njia kuu inaishia wapi. Rangi ya buluu ikishuka imepinda kama kilima cha Makonde, bomoa ujaze upya kabla ya kuweka sampuli.

Na ukinipigia simu, anza na pH ya bafa yako.